Msimamizi Hachinjwi

6 Mei

Mwanangu Kitinda,

Salamu utazikuta mwishoni, leo natanguliza shida. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanikatiza. Kila nikifika penye maana unasema, "Subiri Mama, naitwa wodini," na neno langu linabaki mdomoni. Barua itakubidi uisome mpaka mwisho. Kondakta wa basi la asubuhi ameahidi kuiacha mapokezi hapo hospitalini kwako, pamoja na kifurushi.

Ndani ya kifurushi kuna suruali nyeusi ya mkwe wangu, ile niliyomchukulia vipimo tangu mwaka jana. Mwambie aivae kwanza ndipo anisifu. Nataka kujua kiuno kimemkaaje.

Shida yenyewe ni Msimamizi. Yule mtetea wangu mweusi, anayesimama chini ya cherehani kutwa nzima akinikagua kazi utadhani ndiye aliyeniajiri. Sasa ameacha ukaguzi. Amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, undu wa kichwani umepauka. Nikimmwagia mtama anausogelea, anadonoa punje kwa adabu, anaacha, kama mgeni anayeogopa kuitwa mlafi. Maji anakunywa. Mdomo unanuka uchachu. Jirani wa ukutani amechungulia mara moja tu, akatangaza mtaa mzima kwamba ni kideri. Anataka nimchinje leo leo kabla kuku wake hawajaambukizwa. Nimemwambia kinachosambaa haraka mtaani hapa ni mdomo wake.

Wewe ni muuguzi. Najua wagonjwa wako hawana mabawa, lakini ugonjwa ni ugonjwa. Niambie nifanye nini.

Ule mwaliko wako wa kuja kukaa huko nimeupata. Bado nausoma.

Msalimie mjukuu wangu na baba yake.

Mama yako,
Fundi


8 Mei

Shikamoo Mama,

Nakuandikia nimesimama, dawa za saa nne zinanisubiri, kwa hiyo nisamehe nikienda moja kwa moja.

Yule kuku ni mzee, Mama. Alikuwepo nilipokuja kukutembelea na mimba, na mtoto sasa anaandika jina lake. Kama ni kideri atakumalizia banda zima. Usimtese wala usijitese. Mpumzishe. Wale wengine mgawie jirani, kwa sababu hutawahitaji tena. Chumba chako nimeshakipaka rangi. Kitanda nimekiweka karibu na dirisha ili upate upepo. Mwisho wa mwezi nitakuja na gari kukuchukua.

Umeshona tangu sijazaliwa. Umetusomesha kwa mguu wako juu ya ile pedali. Inatosha sasa. Cherehani tutaitafutia mtu. Huku hutagusa hata ufagio. Njoo upumzike, Mama yangu.

Mjukuu wako anakuuliza kila siku.

Mwanao,
Kitindamimba


10 Mei

Kitinda,

Marahaba.

Neno moja nimelikuta mara mbili katika barua yako. Kuku, "mpumzishe." Mimi, "njoo upumzike." Nikavaa miwani nikasoma tena, nikidhani macho yananicheza shere. Hayakunicheza. Sasa nieleze, mwanangu msomi. Kuku akipumzika anakuwa supu. Mimi nikipumzika nitakuwa nini? Mtaani kwetu ukisikia fulani amepumzika, watu hawaulizi kitanda kiko dirisha gani. Wanaulizana nani ana koleo.

Tena nilikuomba dawa, ukanipa hukumu.

Hiki si kideri. Kideri ninakijua, kiliwahi kuingia banda la marehemu mama yangu kikalifagia lote kabla hatujajua tufanye nini. Wenzake Msimamizi wanachakura, wanagombana, wanataga. Hata hivyo nimemtenga, nimemweka ndani ya tenga jikoni. Si kwa kumwogopa jirani, ni kwa sababu nina akili. Leo alfajiri, kabla hajala kitu, nimempapasa. Hapo chini ya shingo, kwenye kile kifuko kinachopokea chakula kabla hakijateremka kwenye firigisi, kuna donge gumu, kubwa kama limau. Kuku mzima akiamka kifuko hicho huwa kitupu. Chake kimejaa, na jana hakula. Kitu kimeingia kikakosa njia ya kutokea. Huo ndio ugonjwa wake, nimeushika kwa vidole vyangu.

Jirani alikuja jana na kisu alichokinoa mwenyewe, eti anisaidie. Nikakipokea, nikamshukuru, nikakatia kadibodi za vipimo vyangu vyote vya mabega, kisha nikamrudishia kikiwa butu kama kijiko. Hajakanyaga tena.

Sikuombi uniamulie. Nakuomba unieleze. Kuamua nitaamua mwenyewe, kama nilivyoamua kukuzaa wakati watu walisema nimeshazeeka.

Suruali imemkaaje mkwe wangu? Hukusema.

Mama yako,
Fundi


13 Mei

Shikamoo Mama,

Haya, umeshinda. Kidogo.

Nilivuka barabara mchana kwenda ofisi ya mifugo inayotazamana na hospitali. Daktari wao alinicheka kwanza. Muuguzi wa watu wazima amekuja na barua ya kuku! Halafu akaisoma mwenyewe, akaacha kucheka. Akasema, "Mama yako amempima vizuri. Muulize, huyo kuku anashinda wapi, anachakura nini." Anasema kifuko kimeziba, na mara nyingi ni majani marefu au kitu cha nyuzinyuzi.

Fanya hivi. Usimpe chakula kabisa, hata akikutazama kwa huruma, na najua atakutazama. Mpe maji. Mdondoshee mafuta ya kula kidogo pembeni mwa mdomo, taratibu, amalize kumeza ndipo uongeze. Kisha lisugue lile donge polepole kwa vidole, kama unavyokanda bega lililokaza. Rudia mara kadhaa kwa siku. Usimgeuze miguu juu kichwa chini kama wanavyofanya watu wengine, maji yatamwingilia njia ya hewa na utamuua wewe mwenyewe.

Lisipolainika, hapo ni kisu, na si chako wala cha jirani. Mwite bwana mifugo wa hapo kwenu. Atapasua, atatoa uchafu, atasafisha, atashona. Kifuko cha ndani kinashonwa peke yake, ngozi ya nje peke yake. Hili utalielewa haraka kuliko nilivyolielewa mimi. Ni koti na bitana yake. Ukivishika pamoja kwa mshono mmoja vitavutana mpaka vichanike.

Wewe na huyo kuku wako mmezaliwa siku moja, nyote hamwambiliki. Lile neno sitalitumia tena. Lakini chumba kipo, na mimi nimeshasema nitakuja mwisho wa mwezi.

Mwanao,
Kitindamimba


17 Mei

Kitinda mwanangu,

Yu hai!

Nilimnyima chakula kama ulivyosema. Alinitazama kama ulivyosema. Mafuta alimeza, donge nikalisugua mpaka viganja vikawa laini kuliko vya bibi harusi, na lenyewe likakataa katakata. Kila asubuhi nikipapasa, liko pale pale.

Wakati huo jirani amekwenda kumleta mjumbe wa mtaa. Wakasimama getini. Mjumbe akasafisha koo. "Mama Fundi, watu wanalalamika."

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Waje, nitawachukua vipimo. Mtu asiye na jina sijui nimshonee saizi gani."

Jirani akadakia, "Kuku wako atatumalizia kuku wetu!"

"Wangu wenyewe hajawamaliza, aliokuwa akilala nao banda moja. Wako ataruka ukuta kuwafuata?"

Nikasimama katikati ya geti na mkasi wangu mkubwa mkononi. Sikuutishia mtu. Nilikuwa nakata kitambaa walipobisha hodi, basi. Lakini hawakuingia.

Bwana mifugo alikuja siku iliyofuata. Kijana mpole, buti zimejaa tope. Akamtazama Msimamizi, akanitazama mimi. "Mama, sikufichi. Kwa umri wake, huyu ni wa sufuria."

"Na kwa umri wangu, mimi ni wa wapi?"

Akavaa glovu.

Tulimlaza juu ya meza yangu ya kukatia. Akampaka dawa ya ganzi, akatenga manyoya, akapasua. Kilichotoka humo, mwanangu, ni duka langu zima. Nyuzi nyekundu, nyuzi za kijani, lastiki, vipande vya bitana, vyote vimesokotana na mtama uliochacha. Nyuzi nyeusi za suruali ya mkwe wangu nimeziona kwa macho yangu. Kumbe ule ukaguzi wa chini ya cherehani ulikuwa chakula cha mchana! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu kaigeuza, yeye ndiye aliyekula nguo.

Bwana mifugo akashona, ndani peke yake, nje peke yake. Mimi nilimshikilia kuku. Mshono wake si mbaya, ingawa ni wa gunia. Jirani alikuwa anachungulia juu ya ukuta muda wote. Bwana mifugo alipomaliza akamwambia, "Mzee, hiki si kideri. Lakini wako umewachanja?" Kichwa kikateremka ukutani kama jua la jioni.

Sasa anakula uji mwepesi kwa kijiko. Jana alinidonoa kidole kwa hasira na nikafurahi mpaka nikajionea haya. Sakafu naifagia kila nikinyanyuka kwenye cherehani.

Na suruali? Nauliza tena. Kiuno kimemkaaje?

Mama yako,
Fundi


20 Mei

Shikamoo Mama,

Nimefurahi amepona. Nimewasomea wenzangu barua yako kwenye chumba cha chai, yule mkuu wa wodi asiyecheka akacheka mpaka akafuta miwani.

Sasa mimi nikuulize. Bwana mifugo alishona, wewe ukamshikilia kuku. Kwa nini?

Nakufahamu, Mama. Wewe ndiye uliyemvua bibi harusi gauni asubuhi ya harusi yake kwa sababu fundi mwenzio alilipinda kwa haraka, ukaketi nalo chini ukalishona upya, bwana harusi akisubiri nje. Wewe leo umsimamie mtu ashone mshono wa gunia juu ya meza yako, kwa sindano, na mikono yako ishike mabawa? Mshono wa ngozi angekuachia kama ungemwomba. Hukumwomba.

Halafu suruali. Umeuliza sana suruali, basi nitakujibu. Nimeifungua kitandani siku ile ile ilipofika. Upindo wa mguu wa kulia umekwenda kombo. Mwanzo ni mwembamba, mwisho mnene. Mtu mwingine asingeona. Mimi nimelala chini ya cherehani yako tangu utotoni nikitazama pindo zikipita juu yangu, hujawahi kupinda kombo hata siku moja, hata siku ya msiba wa Baba.

Mkono una nini, Mama? Tangu lini? Ni ganzi, ni maumivu, ni kutetemeka? Umempapasa kuku alfajiri kabla hajala, wewe mwenyewe nani amekupapasa? Mficha maradhi, kilio humfichua, na hiyo methali ulinifundisha wewe kwa kiboko.

Sisubiri mwisho wa mwezi. Nakuja Jumamosi na gari. Funga mizigo.

Mwanao,
Kitindamimba


22 Mei

Kitinda,

Marahaba. Barua hii inakuwahi, nimemwambia kondakta asipoifikisha leo asinikaribie tena na zipu zake zilizokatika.

Ni mkono wa kulia. Vidole vitatu vinakufa ganzi. Ilianza kipindi cha mvua. Nikiamka viko kama si vyangu, nikivikunjua na kuvisugua vinarudi. Siku ile ya bwana mifugo viligoma wakati mbaya. Aliniuliza kweli, "Mama, ngozi utamalizia wewe?" Nikamwambia namshikilia kuku. Usiku nililia. Haya, umesikia, nimekwambia, na sitaki ulie wewe.

Lakini gari usilete. Ukileta litarudi na viti vitupu. Mkono kufa ganzi si ruhusa ya watu kunibeba. Nina mwingine, na nina mdomo, na wateja wangu bado wanakuja kwa miguu yao. Kombo ya upindo mmoja haiuzi cherehani yangu.

Na wewe, daktari wa mama yako, kaa nikupime.

Nimeuliza suruali mara tatu. Unanijibu kuhusu kuku, unanijibu kuhusu upindo, kuhusu mvaaji hunijibu. Umesema uliifungua wewe, kitandani. Suruali ya mtu mzima mwenye mikono. Mkwe wangu ni mtu wa kujitazama kwenye kioo mpaka basi limwache, angeshaivaa, angeshanitumia salamu za kujisifu. Barua zako zote, "mjukuu wako anakuuliza," "chumba nimekipaka rangi," "nitakuja na gari." Umekipaka wewe. Utakuja wewe. Katika nyumba yako wanaume hawapaki rangi?

Kifuko cha shingoni kimejaa, mwanangu, na hujala kitu. Kuna nini humo?

Mama yako


25 Mei

Mama,

Shikamoo.

Gari nimelirudisha. Nilikuwa nimeshaliazima.

Suruali iko kabatini, hakuna wa kuivaa. Baba wa mtoto aliondoka mwezi wa pili. Alisema anakwenda kutazama kazi mahali, anaitazama mpaka leo. Nasikia kazi hiyo ina nywele ndefu. Sitamlilia kwenye karatasi, nilimlilia bafuni na maji yakiwa wazi, imetosha. Wiki iliyopita ametuma mtu kuniambia kwamba nikimwomba vizuri atarudi. Sijamwomba. Wala vizuri wala vibaya.

Shida si yeye. Shida ni zamu. Nikiwa zamu ya usiku mtoto analala kwa muuguzi mwenzangu, mpaka zamu zetu zigongane, hapo analala wodini kwenye kiti nyuma ya pazia, nami namwombea asikohoe. Juzi nilipokuwa namvika viatu akaniuliza, "Mama, leo nyumbani ni wapi?" Nikamfunga kamba ya kiatu.

Nilitaka kukuandikia, njoo unisaidie. Kalamu ikagoma. Wewe ulitulea peke yako, kwa pedali, hukumwomba mtu. Nikaona aibu mtoto wako wa mwisho ashindwe na mtoto mmoja. Nikaandika njoo upumzike, maana hilo ndilo neno ambalo mtoto mzuri humwambia mama yake. Nilidhani nakupa heshima. Na mkono wako pia ulinitisha, hilo ni kweli. Yote mawili ni kweli.

Chumba kweli nimekipaka rangi. Nilikipaka usiku nikiwa na hasira, kuna sehemu imechuruzika.

Kama hutaki kuja nitaelewa. Nitapambana. Sikutishii, nakuarifu tu.

Mwanao


27 Mei

Kitinda wangu,

Mjinga we. Mjinga mpenzi.

Ungeniambia njoo unisaidie ningefika kabla wino haujakauka, kiatu mguu mmoja. Badala yake umenipaka rangi ya chumba! Na nani alikudanganya kwamba niliwalea peke yangu? Yule mama wa kuuza maandazi alikuwa anakulaza kila nilipokuwa na sare za shule za kumaliza. Ulikuwa mdogo, umesahau. Mimi sikusahau, na sikumwonea aibu, nilimshonea magauni mpaka akafa akiwa mtanashati.

Huyo mtazama kazi muache aendelee kutazama. Umefanya vema kutomwomba. Akituma mtu tena, mtu huyo mwelekeze kwangu, nitakuwepo.

Ndiyo, nakuja. Sasa sikiliza, maana nakuja kwa masharti yangu.

Kitanda ondoa dirishani. Hapo inakaa cherehani, mwanga wa dirisha si wa kulalia. Imeshafungwa kamba, itasafiri juu ya basi na mimi chini yake, na kondakta amepewa onyo. Suruali usiitupe. Kitambaa kile kizuri, hakina kosa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema. Mimi usinipe hizo mbili. Siku nikifika niambie tu zamu yako inaanza lini, na mtoto anapenda kulala upande gani.

Daktari wa mikono hapo hospitalini kwako nitamwona. Nitaingia mwenyewe, nitamweleza mwenyewe panapouma, wewe utasubiri nje kama ndugu wa mgonjwa. Akisema nipumzishe mkono, mkono nitaupumzisha. Mkono tu. Akisema niache kushona, tutakuwa na maneno.

Nyumba yangu haipangishwi wala haiuzwi. Nimeifunga mwenyewe, ufunguo nimeuvaa shingoni. Zamu zako zikinyooka nitarudi kuifungua.

Msimamizi namwacha kwa jirani, pamoja na wenzake. Usishtuke. Amewachanja wake wote, alinionyesha, na alipokuja kumchukua alikuja na tenga jipya ambalo ndani yake hakuna hata uzi. Hakuomba radhi, na mimi sikumdai. Nimemwambia kuku huyu nimemwacha na manyoya yake yote, nikirudi nitayakagua.

Stendi usije kunipokea ukiwa umetoka zamu, lala. Nyumba nitaiuliza, nitaipata, nitabisha hodi. Majirani zako watatoka kunitazama na mizigo yangu, watakuuliza, maana majirani ni wale wale kila mahali. Mwanangu, usiwaambie umenileta.

Waambie nimekuja.

Mama yako,
Fundi